Nafuu ya Miaka Kumi: Philadelphia, Majengo ya Biashara na Haki ya Shule

Kodi ya majengo ina sifa moja ambayo wakusanya mapato wa majiji wameithamini tangu zamani: mtaji huhama, wafanyakazi huhama, na makao makuu ya kampuni huweza kuhamishwa kwa uamuzi wa kikao kimoja, lakini jengo likishasimama halina pa kwenda, na mwenye jengo akichelewa kulipa, mali yenyewe ipo pale pale kama dhamana. Hata hivyo majiji mengi, hususan nchini Marekani, yamekuwa yakiisamehe kodi hiyo kwa hiari yao, na mara nyingi wanaosamehewa ni wamiliki wa majengo mapya ya ofisi, hoteli na maduka, ambao kwa macho ya mwananchi wa kawaida ndio wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuilipa. Msamaha wa namna hii, ambao hapa utaitwa nafuu ya kodi, ni ahadi ya kisheria kwamba ongezeko la thamani linaloletwa na ujenzi mpya halitatozwa kodi, au litatozwa kwa sehemu tu, kwa idadi ya miaka iliyotajwa. Jiji la Philadelphia, katika Jimbo la Pennsylvania, liliitoa nafuu hiyo kwa ukarimu mkubwa, likaishi nayo kwa zaidi ya miaka 20, kisha likaanza kuipunguza, na yaliyolipata yanastahili kuchunguzwa na kila mji unaofikiria kuwavutia wajenzi kwa njia hiyo.

Philadelphia haikuanza kutoa nafuu kwa sababu ilikuwa na fedha za kugawa. Mwaka 1950 jiji hilo lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2, likiishi kwa viwanda vya nguo, vya mashine na vya injini za treni. Kufikia mwaka 2000 wakazi walikuwa wamepungua hadi takriban milioni 1.5, viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, na karakana kubwa ya meli za jeshi la majini, iliyoajiri maelfu ya watu kwa vizazi, ilikuwa imefungwa katikati ya miaka ya 1990. Mwanzoni mwa muongo huo jiji lilifika ukingoni mwa kufilisika, na jimbo likaunda mamlaka maalumu ya kusimamia fedha zake. Isitoshe, mshahara wa mkazi ulitozwa kodi ya jiji iliyokaribia asilimia 5, na gharama za ujenzi zilikaribia zile za New York huku kodi ya pango iliyoweza kupatikana ikiwa chini sana. Mjenzi aliyepiga hesabu kwa uaminifu aliona kwamba jengo lingemgharimu zaidi ya thamani ambayo lingekuwa nayo siku ya kukamilika, na hesabu ya namna hiyo haipati mkopo benki.

Jawabu la jiji lilikuja kwa hatua. Mwaka 1997 nafuu ya miaka 10 ilitolewa kwa wale watakaogeuza majengo ya zamani ya viwanda na ofisi yaliyokuwa matupu kuwa makazi, na mwaka 2000 ikapanuliwa kufika kwenye ujenzi mpya wa karibu kila aina, yakiwemo majengo ya biashara. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ndio uliowapendeza wajenzi: hapakuwa na haja ya kumbembeleza diwani wala ya kuthibitisha kwamba mradi ungeshindikana bila msaada, kwa kuwa kila aliyepata kibali cha ujenzi na kuwasilisha maombi yaliyokamilika kwa ofisi ya uthamini wa mali alistahili. Kiwanja kiliendelea kutozwa kodi kama kawaida, ila thamani ya jengo jipya, au ya ukarabati mpya, haikuhesabiwa kabisa kwa miaka 10. Nafuu ilifungwa kwenye mali wala si kwa mtu, hivyo mjenzi aliyeuza katika mwaka wa tatu alimkabidhi mnunuzi miaka saba iliyobaki, na bei ya mauzo ikapanda kwa kadiri hiyo.

Ukubwa wa zawadi hii huonekana vizuri zaidi kwa mfano wa tarakimu. Kiwango cha kodi ya mali cha Philadelphia kilichotumika kwa miaka mingi ya hivi karibuni ni asilimia 1.3998 ya thamani iliyokadiriwa. Jengo la biashara lililoongeza thamani ya dola milioni 10 juu ya kiwanja chake lingedaiwa dola 139,980 kwa mwaka, yaani dola 1,399,800 kwa miaka 10, kama thamani hiyo isingebadilika. Chini ya sheria ya mwaka 2000, kiasi hicho chote kilibaki kwa mwenye jengo. Fedha hizo hazikutoka katika hazina ya jiji kama malipo, hazikupita katika bajeti, na hazikupigiwa kura mwaka hadi mwaka, ingawa kwa jiji lisilozipokea zilikuwa matumizi sawa na mishahara ya zimamoto.

Matunda yalionekana wazi. Katikati ya jiji palijaa nyumba na maduka mahali ambapo maghala yalikuwa yamekaa na madirisha yaliyovunjika, na minara miwili ya kampuni ya Comcast, wa kwanza wa ghorofa 58 uliokamilika mwaka 2008 na wa pili wa ghorofa 60 uliofunguliwa mwaka 2018, ambao ndio jengo refu kuliko yote katika Pennsylvania, ilijengwa katika enzi ya nafuu hiyo. Idadi ya wakazi iligeuka ikaanza kupanda, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.6. Watetezi wa nafuu walionyesha takwimu hizi kama ushahidi, wakiongeza kwamba kila jengo linalomaliza miaka yake 10 huingia katika daftari la kodi kwa thamani kamili na kulipa kwa muda wote uliobaki wa uhai wake, na kwamba hata kabla ya hapo watu wanaofanya kazi ndani yake hulipa kodi ya mshahara.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasimama juu ya dhana moja ambayo ndiyo kiini cha mjadala wote, nayo ni kwamba jengo lisingejengwa kama nafuu isingekuwepo. Dhana hii ikiwa kweli, jiji halikupoteza chochote, kwa sababu haliwezi kupoteza kodi ya jengo ambalo lisingekuwepo. Ikiwa si kweli, jiji limemlipa mtu kufanya jambo ambalo angelifanya hata hivyo. Katika mwaka 2000, mtaa wa maghala matupu ukiwa haumvutii mtu, dhana hiyo ilikaribia ukweli. Kufikia mwaka 2015, katika mitaa ambayo viwanja viligombaniwa, ilikuwa vigumu kuisadiki, na sheria haikuwa na namna ya kutofautisha kati ya mtaa mmoja na mwingine wala kati ya mwaka mmoja na mwingine. Wepesi uleule uliowazuia madiwani wasigawe upendeleo uliizuia nafuu isikome pale ilipokuwa haihitajiki tena.

Kwa majengo ya ofisi kuna ugumu wa ziada, kwa sababu ofisi mpya hujazwa na wapangaji, na wapangaji hutoka mahali fulani. Mwaka 2005 lilifunguliwa jengo la Cira Centre, lenye ghorofa 29, kando ya kituo kikuu cha treni cha Mtaa wa 30, likiwa ndani ya eneo maalumu la jimbo ambamo si mwenye jengo tu bali hata mpangaji alisamehewa kodi nyingi za jimbo na za jiji. Baadhi ya wapangaji wake wakubwa walitoka katika majengo mengine ya jiji hilohilo, kwa hiyo vyumba vilivyojaa upande mmoja vilikuwa vyumba vilivyoachwa wazi upande mwingine. Ilipopendekezwa kwamba mnara wa kwanza wa Comcast nao upewe hadhi ya eneo la aina hiyo, wamiliki wa ofisi za zamani walipinga kwa nguvu, na pendekezo lile likaanguka. Mnara ulijengwa hata hivyo, kwa nafuu ya kawaida ya miaka 10. Huu ni mfano adimu ambamo swali la kama jengo lingejengwa kwa msaada mdogo lilipata jibu mbele ya macho ya umma, na jibu lilikuwa ndiyo.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba anayepokea nafuu kwa jina si lazima awe ndiye anayenufaika. Pale ambapo kila mjenzi anajua kwamba jengo lake halitalipa kodi kwa miaka 10, kila mmoja huweza kulipa zaidi kununua kiwanja, na ushindani baina yao huipandisha bei ya kiwanja mpaka sehemu kubwa ya nafuu iingie mfukoni mwa mwenye ardhi aliyeuza, ambaye pengine hakujenga hata ukuta. Wachumi husema kwamba faida ya kodi imemezwa na bei ya ardhi. Ndiyo maana nafuu iliyodumu kwa muda mrefu ni vigumu kuiondoa bila maumivu: mjenzi aliyenunua kiwanja kwa bei ya juu akitegemea nafuu huona hasara ya kweli inapopunguzwa, ijapokuwa faida ilikwisha kwenda kwa mtu mwingine.

Waliolipia ukarimu huu kwa uzito zaidi ni watoto. Takriban asilimia 55 ya kodi ya mali inayokusanywa Philadelphia huenda kwa Wilaya ya Shule, yaani mamlaka ya umma inayoendesha shule za serikali jijini. Tofauti na wilaya nyingine za Pennsylvania, ambazo zina bodi zenye uwezo wa kutoza kodi, ile ya Philadelphia hutegemea viwango vinavyowekwa na Baraza la Madiwani, kwa hiyo nafuu iliyotolewa na madiwani ilipunguza mapato ya chombo ambacho hakikuwa na njia ya kuyafidia. Mwaka 2013, wakati vyombo vya kunyanyulia vizito vikizunguka juu ya katikati ya jiji, mamlaka ya shule iliamua kufunga zaidi ya shule 20 kwa ajili ya upungufu wa fedha. Mwaka 2019 wanafunzi wa shule mbili za sekondari zilizokuwa katika jengo moja walihamishwa kwa sababu ya asbesto, nyuzi za madini zilizotumika zamani katika ujenzi na ambazo vumbi lake husababisha saratani. Haiwezi kudaiwa kwamba nafuu pekee ndiyo iliyoleta hali hiyo, maana mgawo wa jimbo kwa shule za maskini ulikuwa na kasoro zake kubwa. Lakini mzazi aliyeona mnara ukipanda bila kulipia shule ya mwanawe alikuwa na haki ya kuuliza.

Swali hilo ndilo lililoibadili sheria. Mwaka 2018 jiji lilipokea ripoti liliyoiagiza kutoka kwa kampuni ya washauri wa mali ya JLL, iliyopima njia mbalimbali za kuipunguza nafuu na athari zake kwa ujenzi na kwa mapato. Desemba 2019 Baraza, chini ya uongozi wa Rais wake Darrell Clarke, lilipitisha mabadiliko ya kwanza, nayo yaligusa ujenzi mpya wa makazi peke yake: mwaka wa kwanza msamaha ungebaki asilimia 100, wa pili 90, wa tatu 80, na kuendelea kushuka hivyo hadi asilimia 10 katika mwaka wa kumi. Ukarabati wa nyumba za zamani uliachiwa nafuu yake kamili. Majengo ya biashara hayakuguswa, sababu mojawapo ikiwa kwamba Pennsylvania ina sheria tofauti kwa kila aina ya mali. Katiba ya jimbo hilo hudai kodi itozwe kwa usawa, hivyo jiji haliwezi kusamehe isipokuwa kwa idhini ya sheria ya jimbo, na idhini ya majengo ya biashara hutokana na sheria ya mwaka 1977 ya kufufua maeneo yaliyochakaa.

Zamu ya majengo ya biashara ilifika Desemba 2020, wakati Baraza lilipotafuta fedha za kulipia hati fungani za dola milioni 400, yaani mkopo wa umma, kwa ajili ya makazi nafuu na uhifadhi wa mitaa. Baada ya mabishano makali na wajenzi, mapatano yalikuwa kwamba ujenzi wa makazi utozwe kodi mpya ya asilimia 1 ya gharama zake, na kwamba nafuu ya majengo mapya ya biashara ishuke kutoka asilimia 100 hadi 90 kwa miaka yote 10. Mabadiliko yote mawili, pamoja na yale ya mwaka 2019 yaliyokuwa yamesogezwa mbele kwa mwaka mmoja kwa ajili ya janga la korona, yalianza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2022.

Ukirudi kwenye mfano wa dola milioni 10, tofauti inajitokeza yenyewe. Jengo jipya la biashara sasa hulipa dola 13,998 kwa mwaka na kubakiwa na nafuu ya dola 1,259,820 kwa miaka 10, ilhali jengo jipya la makazi la thamani ileile hupata dola 769,890 tu, na chini ya mapatano ya mwaka 2020 lilitakiwa pia kulipa kodi ya asilimia 1 ya ujenzi. Mgawanyo huu ni vigumu kuutetea. Jiji lenye uhaba wa nyumba za bei ambayo mwalimu na muuguzi wanaimudu limeupunguzia msaada ujenzi wa makazi karibu kwa nusu, na ule wa ofisi na hoteli kwa sehemu ya kumi, kwa hoja kwamba biashara huleta ajira. Hoja ya ajira ni halali, lakini sheria haimtaki mwenye jengo kuonyesha hata ajira moja iliyotokana na msamaha wake.

Namna mabadiliko yalivyotangazwa nayo ina somo lake. Kwa kuwa kila aliyewasilisha maombi kabla ya mwisho wa mwaka 2021 aliruhusiwa kubaki katika utaratibu wa zamani, wajenzi walikimbilia dirishani, na mwaka huo vilitolewa vibali vya nyumba zaidi ya 20,000, mara kadhaa ya kiasi cha miaka ya kawaida. Baada ya hapo vibali vilianguka, na riba za mikopo zilizopanda kuanzia mwaka 2022 zikaongeza uzito, kiasi kwamba mtu akitaka kujua ni sehemu gani ya mdororo ilisababishwa na sheria na ipi na riba, hawezi kuzitenganisha. Jiji lililoweka siku moja ya mwisho lilijinyima uwezo wa kupima matokeo ya sheria yake lenyewe. Punguzo la hatua ndogo ndogo, lililoanza mapema, lingelipatia jiji kipimo bora na msukosuko mdogo.

Wakati huohuo soko la ofisi lilibadilika kwa namna ambayo hakuna diwani aliyeitarajia. Watu waliozoea kufanya kazi nyumbani hawakurudi wote, na majiji ya Marekani yakajikuta na ghorofa nyingi zisizo na wapangaji, ambazo thamani yake ya kodi inashuka. Nafuu mpya zimeanza kuelekezwa huko: mwaka 2014 hakuna aliyefikiria kwamba ofisi za Manhattan zingehitaji kuokolewa, lakini mwaka 2024 Jimbo la New York liliweka msamaha unaoweza kufika miaka 35 kwa wanaogeuza ofisi kuwa nyumba za kupanga, kwa sharti kwamba robo ya nyumba hizo ziwe za bei nafuu. Sharti hilo ndilo lililokosekana Philadelphia mwaka 2000, kwani msamaha wa New York hununua kitu kinachoweza kuhesabiwa na kukaguliwa.

Kuna wanaosema kwamba mzizi wa tatizo uko ndani zaidi, katika desturi ya kulitoza jengo lenyewe. Henry George, mzaliwa wa Philadelphia wa mwaka 1839, alifundisha kwamba kodi ya jengo humwadhibu ajengaye, na kwamba kinachopaswa kutozwa ni thamani ya ardhi, ambayo huumbwa na jamii nzima. Pittsburgh, katika jimbo hilohilo, ilitoza ardhi kwa kiwango cha juu kuliko majengo kuanzia mwaka 1913 hadi ilipouacha utaratibu huo mwaka 2001, baada ya uthamini mpya kuwashtua wenye nyumba. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano wa karibu ni Nairobi, ambako kodi ya kaunti hutozwa juu ya thamani ya kiwanja bila kuhesabu jengo lililo juu yake, mfumo uliorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Kwa maneno mengine, mwenye mnara katika mtaa wa ofisi wa Upper Hill jijini humo tayari ana nafuu ya kudumu kwa jengo lake, bila kuomba. Udhaifu wa Nairobi ulikuwa kwingine, katika daftari la uthamini lililobaki na thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miongo minne, mpaka kaunti ilipohamia kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani mpya mwaka 2023.

Tanzania imefuata njia iliyo kinyume. Kodi ya majengo hulipwa kwa kiwango kisichobadilika, kinachokatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, na tangu mwaka 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka na jengo la ghorofa mijini shilingi 90,000 kwa kila ghorofa. Utaratibu huu ni rahisi kukusanya, na urahisi huo ni sifa ya kweli, lakini ghorofa moja ya ofisi za benki katikati ya Dar es Salaam hulipa sawasawa na ghorofa moja ya nyumba ya kupanga pembezoni mwa jiji. Tofauti kati ya thamani ya kwanza na ya pili ni nafuu ambayo haijaandikwa popote, na kwa sababu haijaandikwa, haijadiliwi.

Kuandikwa ndiko kulikoibadili Marekani kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2015 bodi inayoweka viwango vya uhasibu wa serikali nchini humo ilitoa Kiwango Namba 77, kinachozitaka serikali za majimbo na za mitaa zieleze katika hesabu zao za kila mwaka ni kiasi gani cha mapato zimekiachia kwa mikataba ya nafuu ya kodi, na kwa madhumuni gani. Halmashauri za Dodoma, Mwanza, Mombasa na Kisumu hazihitaji kusubiri bodi ya kigeni ili zifanye hivyo. Mwananchi anaposikia kwamba hoteli au jengo la maduka limepewa msamaha na halmashauri yake, amwulize diwani wake mambo matatu kabla kura haijapigwa: msamaha utaisha mwaka gani, ni shilingi ngapi zitakosekana kila mwaka, na ni shule au zahanati ipi itakayozikosa.